Shika Kitambaa Juu, Bwana Mdogo

Kila aliyewahi kupigwa picha ya pasipoti saizi katika mji mdogo wa Tanzania anaijua kazi hii ya watu watatu. Mmoja amekaa kwenye stuli, shingo ameinyoosha, vifungo vya shati amefunga hadi juu. Wa pili ameshika kamera. Wa tatu, mara nyingi kijana aliyeitwa ghafla kutoka duka la jirani, amesimama nyuma na kuinua kitambaa cha bluu kwa mikono miwili, naye haonekani isipokuwa vidole. Mikono ikichoka kitambaa kinashuka, mpiga picha anafoka, kitambaa kinapanda tena. Picha ikishachapwa na kukatwa, hakuna karani atakayejua kwamba bluu ile iliyotulia ilikuwa kipande cha kitambaa cha sare ya shule, na nyuma yake kulikuwa na kibanda cha chipsi.

Mazungumzo ya leo yanamhusu huyo wa tatu, au tuseme kile alichokishika.

Msikilizaji aliyeko wilaya za Mbulu na Hanang, iwe Nambis, Mbulu Mjini, Dongobesh, Haydom au Katesh, anajua jinsi kazi ya picha ilivyosogea karibu na watu. Simu yenye kamera nzuri iko mfukoni mwa kijana wa bodaboda, na shughuli zenyewe hazikosekani: mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne, ubatizo, kipaimara, sendofu, harusi, na siku wajukuu wanaporudi kutoka mjini wakakuta bibi bado ana nguvu na wakataka picha naye kabla ya safari ya kurudi. Kinachokosekana, wengi husema, ni studio. Basi kijana anakusanya fedha, anaagiza kutoka mjini bango la plastiki lililochapwa maporomoko ya maji au ngazi za jumba la kifahari, na kulining'iniza kwenye ukuta wa saluni. Bango linameremeta, mikunjo yake haitoki kwa pasi kwa sababu pasi italiyeyusha, na mwanga wa fleshi unarudi kwenye lenzi kama doa jeupe katikati ya maporomoko. Mwandishi wa mazungumzo haya hana ugomvi na maporomoko ya maji. Ugomvi wake ni na plastiki.

Maana ukweli ni kwamba baadhi ya picha za watu zilizosifiwa sana duniani zilipigwa mbele ya vitu ambavyo vingeweza kutupwa. Irving Penn, Mmarekani aliyefanya kazi na jarida la Vogue, mwaka 1950 alipata mjini Paris pazia kuukuu la ukumbi wa maigizo, limepakwa rangi ya kijivu iliyofifia kwa mabaka. Alilitunza kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yake. Waigizaji, waandishi na wachoraji mashuhuri walisimama mbele ya kitambaa hicho hicho, na mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lilipoonyesha picha zake, pazia lenyewe nalo lilitundikwa ukumbini ili watu walione. Mwenzake Richard Avedon, kati ya mwaka 1979 na 1984, alizunguka majimbo ya magharibi ya Marekani akiwapiga picha wachimba makaa, wachunga ng'ombe na wahudumu wa mikahawa. Studio yake ilikuwa karatasi pana nyeupe iliyobandikwa kwenye ukuta au ubavu wa gari, upande wa kivuli. Hakuwasha taa hata moja. Watu zaidi ya 700 walisimama mbele ya karatasi hiyo.

Kivuli, kitambaa, na kujua umbali. Hayo matatu yapo Nambis, na yapo kwa bei ndogo kuliko Paris.

Tuanze na kitambaa, kwa kuwa ndicho watu hukimbilia. Maduka ya nguo ya miji yetu huuza kwa mita kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito kiasi, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na vumbi kidogo, ambacho mafundi cherehani bado wanakiita marekani. Jina hilo si la bure. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walianza kuleta kitambaa cha namna hiyo Zanzibar kabla hata Seyyid Said hajasaini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kutoka pwani kilipandishwa bara na misafara hadi kikawa kinatumika kama fedha. Leo wapiga picha wa Ulaya na Marekani hununua pamba ya aina hiyo hiyo, imepakwa rangi kwa mabaka na kuwekwa kwenye mfuko wenye jina la kampuni, kwa bei inayoweza kununua mbuzi. Kijana wa Mbulu ana malighafi yenyewe dukani. Akikiloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea kitatoka kahawia hafifu. Akikifunga mafundo na kukitumbukiza kwenye rangi ya batiki ya kijivu iliyozimuliwa, kisha akakifungua, atapata yale mabaka ambayo Penn aliyatunza kama mboni ya jicho. Udongo mwekundu nao hushika, ingawa hauko sawasawa na hupukutika kidogo kidogo kila kitambaa kinapokunjwa. Usiutegemee kwa kazi ya harusi yenye gauni jeupe.

Kitenge nacho kina hesabu yake nzuri. Pisi moja ya yadi sita ina urefu wa kama mita 5.5 na upana wa kama mita 1.1. Ikatwe katikati, vipande viwili vishonwe ubavu kwa ubavu, na hapo pana pazia la mita 2.2 kwa 2.7, linalomtosha mtu mmoja aliyesimama, kuanzia kichwani hadi viatuni. Mshono utapita katikati, na hapo katikati ndipo atakaposimama mtu, kwa hiyo hautaonekana. Baada ya msimu, mshono ukifumuliwa, kitenge kinarudi kuwa nguo. Hakuna bango la plastiki linaloweza hilo.

Khanga ni ndogo zaidi. Kipande kimoja cha doti kina kama mita moja na nusu kwa 1.1, na kinatosha kwa picha ya kichwa na mabega tu. Tena khanga husema. Mama mkwe akikalishwa mbele ya fumbo kali, picha ikachapwa kubwa na kutundikwa sebuleni, mpiga picha ataulizwa ile ilikuwa salamu ya nani. Heri kuipindua upande ambao maneno yanabaki chini ya fremu.

Nyumba za Mbulu zina kitu kingine ambacho Dar es Salaam hakipo kwa wingi: blanketi. Sehemu kubwa ya wilaya iko kwenye nyanda za juu, na baridi ya Juni na Julai si ya mzaha. Blanketi la kijivu au la bluu iliyoiva, lile la sufu nzito au la mtumba, ni pazia bora la nyuma ambalo halihitaji kushonwa. Halimeremeti, halipitishi mwanga, uzito wake unalinyoosha lenyewe. Upungufu wake ni manyoya na nyuzi zinazoshika vumbi, na mipaka ya rangi tofauti ambayo viwanda hupenda kuiweka pembeni. Vyote hivyo hutoweka mtu akisogezwa mbele hatua mbili.

Na hapa tumefika kwenye jambo ambalo wapiga picha wengi wapya hawalizingatii. Humpachika mtu kwenye kitambaa, mgongo ukigusana na nguo. Matokeo yake kivuli cha kichwa kinaangukia kitambaani, kila mkunjo unaonekana, na mtu anafanana na tangazo lililobandikwa. Mtu akisimama mita moja na nusu mbele ya kitambaa, mambo matatu hubadilika kwa pamoja. Kivuli chake kinaanguka chini, nje ya picha. Kitambaa kinaanza kufifia kwa kuwa lenzi imelenga macho, si nguo. Na mwanga unaomfikia mtu haufiki kitambaani kwa nguvu ile ile. Hilo la tatu lina hesabu yake ya kifizikia: mwanga unaotoka mahali padogo hupungua kwa mraba wa umbali. Mtu akiwa mita moja kutoka kwenye kidirisha kidogo, na kitambaa kikiwa mita tatu, kitambaa kinapata kama moja ya tisa tu ya mwanga anaoupata yeye. Ndiyo maana shuka jeupe ndani ya chumba chenye dirisha moja hutoka kijivu kwenye picha, na la kijivu hutoka karibu na jeusi. Mwenye shuka moja, akijua kulisogeza mbele na nyuma, ana mapazia matatu.

Simu ina mtego wake. Lenzi yake kuu huona kwa upana. Ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu, naye yuko mita moja na nusu mbele ya kitambaa, simu iliyoshikwa wima itaona nyuma yake upana wa mita tatu na zaidi: kitambaa chote, mirunda iliyokishika, kuku, na nusu ya bodaboda. Wengi hapo hurudisha mtu kitambaani na tatizo linaanza upya. Dawa ni kutumia ule ukuzaji wa mara mbili uliomo kwenye simu nyingi za siku hizi, au kurudi nyuma kidogo na kukata picha baadaye. Upana unaoonekana unashuka chini ya mita mbili, kitenge kinatosha, na pua ya mtu inarudi kwenye ukubwa aliopewa na Mungu, kwa kuwa simu inayosogezwa karibu mno huikuza. Kuhusu ile programu ya simu inayofifisha nyuma yenyewe, inafanya kazi vizuri mpaka ikutane na nywele zilizosukwa zikasimama, kilemba chenye pindo au hereni za shanga. Hapo hukata ovyo. Kitambaa halisi hakikati masikio ya mtu.

Sasa mwanga wa kwetu. Mbulu iko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mapema Machi, na tena mapema Oktoba, jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi, na kwa kuwa saa za Tanzania hufuata mstari ulio mashariki zaidi, kilele hicho hakifiki saa sita kamili bali kama nusu saa au zaidi baadaye. Harusi nyingi hutoka kanisani katika saa hizo hizo. Mboni za bwana harusi zinazama kwenye mashimo meusi, paji la uso linang'aa, na hakuna kitambaa kitakachomwokoa. Ila upenu wa nyumba utamwokoa. Kivuli cha ukuta wenye uwazi mkubwa wa anga mbele yake kinatoa mwanga laini, mpana, usio na gharama, na ndio mwanga ambao Avedon aliutafuta kila alikokwenda. Kitambaa kitundikwe ndani ya kivuli hicho, mtu aelekee angani.

Kuna hata namna isiyohitaji kitambaa. Mlango ulio wazi wa nyumba yenye giza ndani ni pazia jeusi la bure. Mtu anasimama hatua moja ndani ya kizingiti, mpiga picha yuko nje, na nyuma ya mabega hakuonekani kitu. Wazee hupendeza sana hapo, kwa sababu mvi na makunyanzi yanashika mwanga huku giza likiufanya uso usimame peke yake. Angalizo moja: ardhi nyekundu iliyopigwa na jua mbele ya mlango hurudisha wekundu wake chini ya kidevu. Mfuko mweupe wa salfeti, ule wa kuwekea mahindi na maharage, ukitandikwa chini unarudisha mwanga mweupe badala yake. Kwa sababu hiyo hiyo turubai la bluu halifai kutundikwa karibu na mtu. Litampaka bluu shavuni. Na ukuta uliokandikwa udongo, ambao watoto wenyewe wanauonea haya siku ya picha, ni miongoni mwa kuta bora ambazo mpiga picha angeweza kuomba. Haumeremeti, una alama za mikono ya aliyeukandika, na rangi yake inakubaliana na ngozi zetu.

Suala la ngozi linastahili kukaa nalo kidogo. Kamera hutengenezwa iamini kwamba wastani wa kila inachokiona ni kijivu. Ukimweka mtu mweusi tii mbele ya shuka jeupe linalong'aa juani, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na sura inageuka doa lenye meno. Simu mpya hutambua uso na kujirekebisha, lakini si zote na si kila mara. Historia ya filamu haikutusaidia. Kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak ilizituma kwenye maabara ili mafundi wapatanishe rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na sura yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi sahihi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea kwenye miaka ya 1990. Kwa hiyo mpiga picha wa Nambis anayeambiwa kwamba studio ya kisasa lazima iwe nyeupe ana haki ya kubisha. Kwa picha ya visa ya Marekani, sawa, sheria yao inataka nyeupe. Kwa picha ya bibi, kijivu cha kati, kahawia, kijani iliyoiva au bluu nzito vitaionyesha sura yake vizuri zaidi, na mwenye simu agonge uso kwenye kioo ili simu ijue imtazame nani.

Hata hivyo kitambaa hakichaguliwi kwa ajili ya kamera peke yake. Pwani yetu inalijua hilo siku nyingi. Mjini Zanzibar Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wa mji walikwenda pale wakiwa wamevaa wanavyotaka kukumbukwa. Lamu, Omar Said Bakor alikata na kubandika picha zake kwa mkono mpaka mtu akatokea ndani ya ua. Lakini waliofika mbali zaidi kwa vitu vya bei ya chini ni wale wa Likoni, Mombasa, kando ya kivuko. Katika miaka ya 1990 wapiga picha, wengi wao wahamiaji kutoka bara, walijenga pale vibanda vya mbao na kuvipamba kwa mapazia waliyoyapaka rangi wenyewe: meli, ndege, majumba. Waliongeza maua ya plastiki, mapambo ya Krismasi na vitambaa vinavyometameta. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliyechunguza vibanda hivyo na kuviandikia kitabu kilichotoka mwaka 2013 aliona kwamba wateja wengi walikuwa watu kama wao, vijana waliokuja pwani kutafuta kazi. Kijana aliyelala wanane chumba kimoja alituma nyumbani picha akiwa mbele ya meli kubwa.

Ni rahisi kumcheka. Lakini mtu huyo hakudanganya mtu; mama yake kijijini alijua vizuri kwamba ile ni rangi juu ya kitambaa. Alichotuma ni taarifa ya anakokusudia kufika. Ndiyo maana ugomvi wa mazungumzo haya si na maporomoko. Binti wa Nambis anayetaka kusimama mbele ya ghorofa ana haki yake, na pazia la ghorofa lililopakwa na fundi wa mabango wa Mbulu Mjini juu ya marekani, kwa rangi ya maji isiyong'aa, litampa ghorofa lake bila doa la fleshi. Fundi atapata kazi, na ghorofa halitafanana na la kila saluni kutoka Babati hadi Singida.

Swali la nani anachagua kitambaa lina upande mwingine usiopendeza. Mwaka 1869 Mwingereza mmoja, John Lamprey, alipendekeza watu wa makoloni wapigwe picha uchi mbele ya fremu iliyopigwa nyuzi za hariri katika miraba ya inchi mbili, ili miili yao ipimwe na kulinganishwa. Hilo nalo lilikuwa pazia la bei nafuu. Hata Penn hakosi doa. Desemba 1948 alikodi studio ya mpiga picha wa mtaa mjini Cuzco, Peru, pamoja na pazia lake la kupakwa, na katika siku tatu akapiga picha karibu 200 za watu waliokuja wakidhani watamlipa mwenye studio kwa picha za sikukuu. Penn ndiye aliyewalipa wao. Picha ni nzuri mno, ila waliopigwa walikuwa wameingia kwa shauri moja wakatoka kwa shauri la mwingine.

Wilaya zetu haziko mbali na jambo hilo. Wageni hufika bonde la Yaeda kuwaona Wahadzabe na huzunguka Hanang kuwatafuta Wabarbaig, na baadhi yao hubeba kitambaa cheusi cha kukunja ili mtu aonekane ametoka nje ya wakati, hana simu, hana jirani, hana duka. Kitambaa kinachoficha kibanda cha chipsi kwa ajili ya pasipoti kinamfaa aliyepigwa. Kinachoficha shule na bomba la maji ili mgeni apate picha aliyokuja nayo kichwani kinamfaa mgeni. Mpiga picha wa nyumbani ana nafasi ya kuuliza kwanza: mzee, unapenda tusimame wapi? Jibu linaweza kuwa mbele ya trekta.

Palipo na mavazi yenye kazi nyingi, kitambaa kitulie. Sketi ya ngozi ya Kiiraqw iliyojaa shanga, mstari kwa mstari, ikiwekwa mbele ya kitenge cha maua inapotea. Mbele ya ukuta wa udongo au blanketi la kijivu kila shanga inahesabika. Lakini sheria hiyo nayo imevunjwa kwa makusudi na kwa ustadi. Mpiga picha wa Nairobi, Thandiwe Muriu, tangu mwaka 2015 ametengeneza mfululizo wa picha aliouita Camo. Hununua kitenge, sehemu anamshonea mwanamitindo gauni, sehemu anaitandaza nyuma yake, na kupatanisha michoro mpaka mwili unazama kwenye nguo na kubaki uso, mikono na nywele. Miwani anayomvalisha huundwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Picha hizo zimetundikwa kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani, na kiini chake kipo kwenye duka lolote la vitenge. Anayetaka kujaribu Mbulu anahitaji pisi mbili za kitenge kimoja na fundi mvumilivu. Sare za sendofu zimeshafanya nusu ya kazi.

Yamebaki mambo ya mikono. Mirunda miwili na ufito wa juu vinatosha kuwa fremu, na kamba ya katani ikivutwa kati ya miti miwili inatosha zaidi. Vibanio vya nguo vishike kitambaa kila kiganja na nusu, na vya pembeni vivute nje ili pasiwe na tumbo katikati. Upepo wa kiangazi katika nyanda hizi hugeuza kitambaa kuwa tanga, kwa hiyo pindo la chini lishonwe kama mfereji na kupitishiwa ufito, au liviringishiwe mawe. Kitambaa kisikunjwe, kiviringishwe kwenye bomba la plastiki la maji au kwenye mti mnyoofu, maana mkunjo wa miezi miwili hauondoki kwa maombi. Penye mkunjo, nyunyiza maji na uache kikauke kikiwa kimetundikwa. Kwa marekani iliyopakwa mabaka, mikunjo midogo isiyo na mpangilio haidhuru kitu, ila ile ya miraba inayoonyesha kilikunjwaje kwenye begi inaumiza macho.

Mwisho kuna suala la kumbukumbu, na hapo twende Bamako, Mali. Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 karibu na stesheni ya treni, akifanya kazi uani kwa mwanga wa jua, na kwa kawaida akimpiga kila mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye vishada pembeni. Baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha akaweka kitambaa cha majani, kisha kingine, kisha kingine. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York zikiandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Msimamizi wa maonyesho kutoka Ufaransa, André Magnin, akaenda Bamako kumtafuta, akamkuta mzee yupo na ametunza maelfu ya negativu. Nyingi hazikuwa na tarehe. Keïta alizipanga kwa kutazama nyuma ya watu: hili ni shuka langu la kwanza, kwa hiyo ni kabla ya mwaka fulani, haya majani ni ya baadaye.

Simu huandika tarehe ndani ya kila picha bila kuambiwa, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp taarifa hizo huondolewa njiani, na picha nyingi za Mbulu na Hanang husafiri kwa WhatsApp. Baada ya miaka ishirini zitakuwa zimepita simu sita na makundi kumi ya familia, hazina mwaka wala jina. Mpiga picha anayetumia kitenge kimoja kwa mahafali yote ya msimu mmoja, akakibadilisha msimu unaofuata, na akaandika kwenye daftari ni kipi kilitumika mwaka gani, atakuwa na njia ya kuzipanga tena. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha, na kipande cha kila kitambaa kibandikwe pembeni kwa gundi.